Je, wajua kwa nini uvimbe wa ovari ya mbwa haujulikani vizuri mpaka utolewe?

Mbwa jike huingia kwenye joto kila baada ya miezi sita au saba hivi, na ndani ya wiki tatu mambo huwa yametulia. Lakini kuna jike mtu mzima ambaye joto halikomi: wiki ya tano damu bado inatoka, uke umevimba, madume hawabanduki getini, na manyoya ya ubavuni yananyonyoka. Mara chache sana, chanzo chake ni uvimbe wa ovari unaomwaga homoni ya estrojeni.

Hapa Uganda daktari makini haanzii huko. Mbwa wanaozurura mitaa ya Kampala au Busia huambukizana saratani ya sehemu za siri wanapopandana, nayo pia hutoa damu. Hiyo ni rahisi kuitambua: chembe hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na hadubini humaliza ubishi. Dawa ya vinkristini huiponya mara nyingi.

Ovari haina wepesi huo. Imejificha nyuma ya figo, ndani ya kifuko chenye mafuta, na ikiwa ndogo daktari hawezi kuipapasa. Ikikua sana hudhaniwa kuwa ni uvimbe wa figo au wengu. Altrasaundi itaonyesha kama ni maji au nyama. Eksirei nayo husaidia kwenye teratoma, uvimbe wa ajabu unaoweza kuota nywele, mfupa, hata meno, kwa kuwa mfupa huonekana mweupe. Hata hivyo, hakuna picha inayoweza kuapa kwamba uvimbe hauna madhara. Kuuchoma sindano kunaogopewa: ukiwa saratani, chembe zake zaweza kumwagika tumboni.

Kinachobaki ni upasuaji, baada ya kupima damu, maana estrojeni ikizidi hudhoofisha uboho na mbwa huishiwa damu. Hutolewa ovari zote mbili, kwa kawaida pamoja na mfuko wa uzazi, ambao mara nyingi huwa umeshaanza kujaa usaha.

Jibu lenyewe liko kwenye kile kilichotolewa. Kinawekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake, kisha mtaalamu wa patholojia anakikata vipande vyembamba mno. Anatafuta seli zinazogawanyika ovyo, zilizotoboa ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu. Asipoziona, na seli zikiwa za thekoma, luteoma au adenoma, yaani aina za uvimbe ambazo kwa kawaida si saratani, upasuaji ule ule ndio tiba.

Inaniuma kuona ovari kama hiyo ikitupwa kwenye ndoo ya taka. Kwenye nchi ambako majike hufungwa uzazi wakiwa wadogo, ovari hutolewa kabla hazijaugua. Kwetu majike wengi huzeeka nazo, kwa hiyo uvimbe huu tuna nafasi ya kuuona sisi. Kabla mbwa wako hajalazwa mezani, muulize daktari ovari itapelekwa maabara gani, na uafikiane naye gharama ya kipimo hicho siku hiyo hiyo.