Beki wa Zaire alijua sheria

Mabishano ya mwanasoka bora wa wakati wote yakipamba moto kwenye magrupu ya Lubumbashi, video ileile hurudi: Kombe la Dunia 1974, Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, beki wa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) anachomoka ukutani na kuubutua mbali. Chini imeandikwa: “Waafrika hawakujua sheria.”

Si kweli. Zaire walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka huohuo; ukuta walishapanga mara ngapi! Beki mwenyewe alieleza baadaye kwamba alifanya kusudi. Tafuta matokeo ya kundi lao: siku chache kabla, Yugoslavia iliwafunga 9-0, na wachezaji walilalamikia posho zao. Kipande cha sekunde chache hakionyeshi hayo. Ukitumiwa tena, usikisambaze.