Herufi za pembeni si namba ya bamba

Wapo wanaotazama herufi mbili za pembe za chini za Penny Black, stempu ya Uingereza ya mwaka 1840, wakaamini kwamba zinataja bamba, yaani kipande cha chuma cha kuchapia, lililoichapa. Sivyo. Karatasi nzima ilikuwa na stempu 240: mistari 20, kila mmoja stempu 12. Herufi ya kushoto hutaja mstari, ya kulia nafasi katika mstari huo. Ya kwanza ni AA, ya mwisho TL. Kwa hiyo kila bamba lina CF yake, yaani stempu ya sita ya mstari wa tatu.

Kinachosaidia kulitambua bamba ni mkao wa herufi hizo. Zilipigwa kwenye bamba kwa mkono, moja moja, hivyo F ya bamba moja hugusa ukingo wa kisanduku, ya jingine imeinama au imeshuka. Unailinganisha na picha za mabamba yote, ukichunguza pia mikwaruzo na mistari ya mchoro iliyojirudia. Lenzi nzuri inahitajika, na subira zaidi.

Namba yenyewe ilionekana kwenye Penny Red, stempu nyekundu zilizoifuata Penny Black, za kuanzia 1864, imefichwa ndani ya nakshi za kushoto na kulia. Hata hapo, angalia: bamba 77 ni adimu mno, na 177 iliyofutika tarakimu ya kwanza imeshawalaghai wengi.