Ufunguzi wa Paris 2024 ulivyotazamwa Mbeya, kwa jicho la mwalimu wa halaiki

Ninafundisha halaiki, yaani maonyesho ya kundi kubwa linalojenga maumbo uwanjani, kwa watoto wa shule hapa Mbeya, kwa hiyo kila ikija sherehe kubwa ya ufunguzi watu hunijia na maswali. Kwa Olimpiki ya Paris, Julai 26, 2024, swali lililotawala lilikuwa moja: uwanja wenyewe uko wapi? Mwanjelwa nilikotazamia, ndani ya kibanda umiza kilichojaa watu waliojikunyata ndani ya makoti kwa baridi ya Julai, mzee mmoja aliniuliza mapema kabisa, boti chache tu zikiwa zimepita. Nililisikia tena kwa siku nyingi baadaye, sokoni na kwenye daladala.

Lina uzito kuliko waulizaji wenyewe wanavyodhani. Halaiki hutengenezwa ili isomwe kutoka upande mmoja. Tunapiga mistari ya chokaa uwanjani, kila mtoto anapewa alama yake, na mimi napanda jukwaa kuu na filimbi, kwa sababu macho ya mgeni rasmi yatakuwa pale. Mtoto aliye katikati halioni umbo analolijenga, anahesabu hatua tu. Akizidisha hatua mbili, herufi inapinda na jukwaa zima linaona. Beijing mwaka 2008 walifuata kanuni hiyohiyo kwa kiwango kikubwa mno: wapiga ngoma 2,008 ndani ya uwanja mmoja, mikono ikishuka kwa pamoja, kamera ikiwa juu yao. Wengi ninaozungumza nao bado wanapima kila ufunguzi kwa ule.

Mkurugenzi wa Paris, Thomas Jolly, aliuondoa uwanja kabisa. Akachukua Mto Seine, kama kilomita 6, kutoka daraja la Austerlitz hadi Trocadéro. Timu zikapakiwa kwenye boti 85, na maonyesho yakatawanywa kingoni, juu ya madaraja na hata juu ya mapaa. Aliyesimama ukingoni na mwavuli wake aliona kipande kilichompitia, mengine akayatazama kwenye skrini. Kazi nzima, mwanzo hadi mwisho, ilionekana kwenye televisheni tu. Maana yake ni kwamba jukwaa kuu la sherehe ile lilikuwa pamoja nasi, kwenye mabenchi ya Mwanjelwa, na ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wanaosema watu wa mbali walilalamika kwa kutoelewa sanaa. Walikaa mahali palepale mtengenezaji alipowakusudia wakae.

Na walichokiona kilikatwakatwa. Zamani onyesho lilikuwa na zamu yake, kisha gwaride likaja. Paris ilichanganya vyote: boti, wachezaji, filamu ya mtu aliyeficha uso akikimbia juu ya mapaa, kisha boti tena. Jicho halikupata pa kutulia. Kufika saa nne usiku baadhi ya watu walishaondoka, na siwalaumu.

Lakini kilichouma zaidi ni bendera yetu. Tanzania ilikuwa na wanamichezo 7. Uwanjani, nchi yenye watu 7 hupita nyuma ya bendera yake, jina linasomwa, na kwa sekunde kadhaa dunia nzima inaitazama peke yake. Kule mtoni timu ndogo zilipangwa pamoja kwenye boti moja. Pale kibandani mama mmoja alisimama, akanyoosha kidole, “Hao hapo, hao!”, na kabla aliyekaa nyuma yake hajainua shingo kamera ilikuwa imehamia kwingine. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa la mpango ule. Kwa nchi ndogo, gwaride ndiyo sherehe yenyewe.

Mvua iliyonyesha Paris usiku ule iliwashangaza watu, maana kwetu Julai ni kiangazi na baridi kavu. Hapo lakini hakuna aliyelalamika. Mpiga piano Alexandre Kantorow alipiga huku matone yakirukaruka juu ya piano yake, na mwishoni Céline Dion, aliyekuwa ameacha majukwaa kwa ugonjwa, aliimba kutoka Mnara wa Eiffel. Akina mama walimfuatisha kwa kuvuma, ingawa ulikuwa wimbo wa Kifaransa. Sauti moja, mahali pamoja, kamera imetulia. Umbo lilirudi.

Sasa ile meza iliyozua hasira. Watu walijipanga upande mmoja wa meza ndefu, katikati mwanamke mwenye taji la kung'aa kama duara la utakatifu. Toka Rungwe hadi Njombe utakuta picha ya Karamu ya Mwisho ukutani sebuleni, kwa Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki vilevile. Watu hawakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote wameona nini. Jolly alieleza baadaye kwamba alikusudia karamu ya miungu ya Kigiriki, na kweli alikuwepo mtu aliyepakwa rangi ya buluu akiwa Dionysus, mungu wa mvinyo. Waandaaji waliomba radhi Jumapili, Julai 28, kwa walioumizwa. Mimi namwamini Jolly kuhusu nia yake. Ila umbo husomwa kwa mpangilio linavyofika machoni. Dionysus alijitokeza baadaye sana, wakati meza ilishasomwa. Angetangulia yeye, na matunda yake, nusu ya hasira ile isingezuka. Ndiyo maana sisi kabla ya siku yenyewe tunawapandisha jukwaani watu wasiojua chochote kuhusu umbo na kuwauliza wanaona nini. Wakijibu tofauti na tulivyokusudia, tunabadilisha umbo.

Bendera ya Olimpiki kupandishwa juu chini, na Korea Kusini kutajwa kwa jina la Kaskazini, ni makosa ya mazoezi. Hayahitaji falsafa.

Kuhusu moto, watu wengi waliniuliza kwa nini puto lile lililokuwa mahali pa mwali wa Olimpiki, walilowasha wanamichezo wa Ufaransa Marie-José Pérec na Teddy Riner, halikuungua. Halikuwa na moto. Ulikuwa mwanga wa taa za umeme ukipiga kwenye mvuke wa maji. Moto halisi ulitunzwa ndani ya kandili karibu yake. Kwa watu waliozoea Mwenge wa Uhuru, ambao mbio zake za 2025 zilihitimishwa hapahapa Mbeya Oktoba 14, moto usiounguza ulikuwa mgumu kupokea. Mimi niliupenda, kwa sababu puto lilipopaa usiku, mtu wa ukingoni na mtu wa Mwanjelwa waliona kitu kilekile kwa wakati uleule.

Ufunguzi ujao wa Olimpiki ya majira ya joto ni Los Angeles, Julai 14, 2028. Kwa tofauti ya saa 10, sherehe ya jioni kule itatufikia Jumamosi asubuhi, hivyo watoto wangu wa halaiki wataweza kuitazama. Wameshatangaza kuigawa kati ya viwanja viwili. Ninachotaka watoto waangalie ni jinsi kamera itakavyovuka kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, na nchi ndogo zitapewa muda gani njiani.