Je wajua kwa nini kuna wamama wanalipa ada kwenye klabu isiyogawana hata mia?

Hapa Moshi ukisema upo kwenye kikundi cha wamama swali linalofuata ni moja tu, mnavunja lini, yani mnagawana hela lini. Sasa shangazi yangu wa Majengo, fundi cherehani, ana vikoba viwili na upatu juu, siku jirani yake mhasibu alipomwambia yupo klabu ya huduma ya wanawake, ada analipa, vikao anaenda, Jumamosi nyingine anafanya kazi bure na Desemba hakuna gawio, shangazi aliweka kikombe chini kabisa. "Mwenzangu, si wanakuibia mchana kweupe?"

Swali la haki kabisa lile. Ila jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1905 kule Chicago wanaume wafanyabiashara walianzisha klabu ya Rotary, na kanuni yao ikawa kila kazi itoe mtu mmoja, wakili mmoja, mwenye duka la makaa mmoja, maana mwanzoni shida ilikuwa kufahamiana na kupeana wateja, na mawakili wawili meza moja wangeishia kugombania mteja. Wanawake hawakutakiwa, na hali ikakaa hivyo mpaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema haiwezekani kuwafungia. Lakini wanawake nao hawakukaa kusubiri miaka yote hiyo. 1919 pale Buffalo, hukohuko Marekani, wakaanzisha klabu yao, Zonta, 1921 pale Oakland, California, wanawake 80 wakaanzisha nyingine, Soroptimist, mwenyekiti wa kwanza Violet Richardson, mwalimu wa michezo. Jina hilo la Soroptimist ni la Kilatini, soror ni dada, optima ni bora. Na kazi yao ya kwanza eti ilikuwa kupigania miti mikubwa ya redwood isikatwe! Mi nilidhani ni mambo ya kugawa nguo, kumbe msitu, na sisi tunaokaa chini ya huu mlima tunaelewa msitu ukiisha kinachofuata ni nini.

Ile kanuni ya mmoja kwa kila kazi waliichukua, siku hizi klabu nyingi zimeilegeza, ila utamu wote upo hapo. Chukua pedi za mashuleni. Mtu mmoja ananunua katoni, anapiga picha akikabidhi (hizi picha jamani tupunguze), mwezi unaofuata binti kakwama palepale. Klabuni mwalimu ndo anajua nani anakosa shule na siku zipi, nesi anaongea na mabinti bila kuwatisha, injinia anaenda kuangalia choo anakuta hakina maji wala mlango, sasa hata upeleke pedi lori zima binti atabadilishia wapi? Na mwenye duka la jumla anawaeleza habari za bei, maana 2018 serikali ilitoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, 2019 ikairudisha kwa sababu bei kwa mnunuaji haikushuka, nafuu ilibakia huko juu. Kwa hiyo wanachotoa hawa wamama ni ile kazi yao yenyewe, kitu ambacho ungeenda kukilipia ofisini kwao Jumatatu.

Haya, na hela? Hapo ndo shangazi alipotulia kusikiliza. Klabu za aina hii zinatenganisha mifuko miwili. Ada ya mwanachama inaendesha klabu, chai ya kikao, karatasi, ada ya kwenda makao makuu. Hela wanazochangisha kwa watu, iwe kwa chakula cha jioni, iwe kwa matembezi ya hisani, zinaenda kwenye mradi tu, huwezi kuzinywea chai. Yani unalipa ada ili aliyechangia elfu kumi yake asimlipie mtu soda. Kikoba hela inazunguka inarudi kwako, na sisi wa Kilimanjaro tunapenda irudi na wenzake, huku hairudi na wote mnajua toka mwanzo.

Shangazi akanyamaza kidogo akipiga hesabu zake, afu akamuuliza yule jirani mhasibu, "Umesema kila kazi mtu mmoja. Fundi cherehani mnaye?"

Hawakuwa naye, na zile pedi za kitambaa za kufua walikuwa wananunua zikiwa zimeshonwa tayari. Jumamosi iliyofuata alibeba cherehani yake ya mkono akaenda. Ada bado hajalipa.