Uzi wa kuyeyuka hautakuondolea kovu

Jumatatu mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji alilala kitandani, nikafungua bandeji, akaangalia nyuzi za nailoni kisha akaniangalia mimi. "Sista, kumbe mlinishona ule wa bei rahisi? Dada yangu alishonwa wa kuyeyuka, hata kovu hana."

Nimeshasikia hayo mara nyingi mno. Wengine hata huja na maagizo kabla ya kuingia theata: nishoneni wa kuyeyuka, huo wa kutoa huharibu ngozi.

Kisu kikishakata ngozi yote hadi chini, kovu lazima liwepo. Hakuna uzi wa kulifuta. Linavyokuja kuonekana hutegemea ngozi inavyovutwa pande mbili za kidonda, mahali kilipo, kama kiliingia usaha, na ngozi uliyorithi. Kifuani na begani ngozi huvutwa mchana kutwa, kwa hiyo kovu la hapo hutanuka hata likishonwa na mkono wa dhahabu. Kama kwenu kuna makovu ya kuvimba na kuota kama nyama, yaani keloidi, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi, na kuna namna ya kujiandaa, lakini haimo ndani ya uzi.

Halafu, yule mama alikuwa na uzi wa kuyeyuka tayari, ila hauoni. Uko ndani. Kinachoshikilia tumbo lisifunguke ni ule utando mgumu unaofunika misuli, nao hushonwa peke yake. Uzi wa kuyeyuka unaotumika sana hushika kwa wiki tatu au nne, kisha huisha kabisa mwilini kati ya siku 56 na 70. Nailoni ya juu inakutanisha kingo za ngozi tu mpaka zishikane, basi.

Wanachokiita uharibifu wa nailoni, mara nyingi wamejiletea wenyewe. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hivi, za kichwani siku ya 7 hadi 10, za tumboni kati ya siku ya 7 na ya 14, za gotini karibu siku ya 14. Mtu anapewa tarehe, anasema "acha ishike vizuri kwanza", anapanda basi kwenda ushago, anarudi baada ya wiki tano akiwa na reli ya Mombasa kwenye paja. Vile vidoti na mistari ya kukatiza ni alama za uzi uliokaa hadi ngozi ikaanza kuota kuuzunguka. Wala hakuna nguvu aliyoongeza. Wiki ya tatu kidonda kina karibu asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi nzima, na hata miezi ikipita hakivuki asilimia 80 hivi. Uzi utoke kwa tarehe yake, na mtungi wa lita 20 ubebwe na mtu mwingine.

Wapo tunaowafunga kidonda kwa gundi badala ya uzi, nao hulalamika: "Gundi ni ya viatu." Kweli ni ukoo mmoja na ile ya fundi viatu wa stejini, lakini ya hospitali imetakaswa na haichomi nyama. Inafaa kidonda kifupi, kikavu, kisichovutwa. Hubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10, usiibandue, na usipake mafuta ya mgando juu yake kwa sababu yanailainisha kabla ya wakati.

"Nilipigwa pini kama karatasi kwa sababu sina pesa." La. Pini, yaani vibanio vya chuma vya kufungia kidonda, hupigwa upesi, na kichwani zinafaa sana. Ila kwa upasuaji wa kujifungua naungana na wanaotaka uzi: uchunguzi wa wanawake 746 nchini Marekani, uliochapishwa 2014, ulikuta matatizo ya kidonda kwa asilimia 4.9 ya walioshonwa na asilimia 10.6 ya waliopigwa pini.

Maji? Saa 48 zikipita, kama hukuambiwa vinginevyo, oga. Maji yapite juu, usisugue, kausha kwa kitambaa safi. Kukaa ndani ya beseni bado. Mayai na maharagwe hayaleti usaha. Kula, mwili unajenga ngozi kwa hivyo hivyo vyakula.

Na mniachie kapsuli ya antibiotiki. Kuifungua na kunyunyiza unga wake kidondoni hakuui wadudu waliozama chini, kunatengeneza ganda tu linaloficha usaha. Nikikuta unga huo chini ya bandeji yako, tutakaa nusu saa tukiuosha, na foleni iliyo nje itajua ni wewe uliyeichelewesha.