Injini inanguruma, gari haliendi: dhana potofu na ukweli, kuanzia gia boksi hadi chini ya gari

“Gia boksi imekufa.”

Hukumu hii hutolewa mara nyingi kabla hata boneti halijafunguliwa, na ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote. Anza na jambo la bure: gari likiwa mahali tambarare, tia N (gia huru), toa hendibreki, lisukume. Likigoma, kuna kitu kinalishika, na mara nyingi ni breki. Likitembea vizuri, nguvu ndiyo haifiki kwenye tairi, na hapo utaifuata njia yake hatua kwa hatua: klachi au tokikonveta (inayofanya kazi ya klachi kwenye otomatiki), gia boksi, propela (mhimili mrefu wa kupeleka nguvu nyuma), difu (inayogawia nguvu tairi za pande mbili), shafti (mhimili wa kufikisha nguvu kwenye kila tairi).

Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu, tia D (ya kwenda mbele) huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukishuka kidogo na gari likaonyesha kutaka kwenda, gia imeingia. Usiposhuka hata kidogo, kagua kwanza keboli ya gia. Kibanio cha mwisho wake kikichomoka, mkono wa gia utatembea toka P (ya kuegesha) hadi D kama kawaida, lakini ndani ya gia boksi hakuna kilichosogea. Baada ya hapo ndipo upime oili.

“Oili ya gia boksi hupimwa kama ya injini.”

Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa inawaka na imepata moto: pitisha gia zote taratibu, rudi P, chomoa, futa, pima kwenye alama za moto. Honda nyingi za otomatiki hupimwa muda mfupi baada ya kuzima injini iliyopata moto. Ukichanganya taratibu hizi utaongeza oili isiyohitajika au utaacha pungufu. Pampu ikivuta hewa badala ya oili, presha ya kubana klachi za ndani haipatikani, na gari husimama hata kama gia boksi ni nzima. Oili ya rangi ya kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya zaidi kuliko oili iliyopungua. Gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ina oili yake. Usiijazie ATF ya kawaida, yaani oili ya gia boksi za otomatiki.

“Shafti moja ikikatika, tairi la upande wa pili litavuta.”

Halivuti, na sababu ni difu. Difu isiyo na loki hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizunguka bure bila upinzani, upande wa pili nao hupata karibu sifuri. Kwa hiyo Vitz au Probox inayovuta kwa mbele, sivi jointi moja (kiungo cha shafti kinachojipinda) ikiachia, husimama kabisa.

Dalili yake ukiijua huisahau: unatia D, unakanyaga mafuta, mshale wa spidi unapanda hadi 30 au 40, na gari liko palepale. Hutokea kwenye magari yanayosoma spidi kutoka gia boksi. Yale yanayosoma kutoka kwenye magurudumu yatabaki sifuri. Tazama raba ya sivi jointi: iliyopasuka hurusha grisi upande wa ndani wa rimu. Kupata hasa palipokatika, zima injini, inua upande huo na uuweke juu ya stendi, tia N, kisha zungusha tairi kwa mkono ukiwa pembeni huku ukifuata shafti kwa macho. Mzunguko unapoishia ndipo penye ubovu.

Wenye Hilux au Land Cruiser yenye 4x4 ya kuchagua wana nafuu. Shafti ya nyuma ikikatika, ukifunga habu za mbele (vifungo vya kuunganisha magurudumu ya mbele na shafti zake) na kutia 4H (gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne), gari linaweza kujivuta kwa magurudumu ya mbele.

“Gia zikikataa kuingia, klachi pleti imeisha.”

Mara nyingi ni kinyume. Pleti iliyoisha huacha gia ziingie vizuri, ila injini hupanda na gari halivuti. Gia zikikwaruza au kukataa injini ikiwaka, lakini zikaingia vizuri ikizimwa, klachi haiachii: tazama mafuta ya klachi, hewa kwenye mfumo na uvujaji wa silinda ya klachi, ya juu (kwenye pedali) au ya chini (kwenye gia boksi). Kupima kuteleza, funga hendibreki, kanyaga breki, tia gia ya nne, achia klachi taratibu. Klachi nzima huzima injini. Jaribu mara moja tu, maana kila jaribio linaunguza pleti.

“Tairi likishikwa na breki, badilisha pedi.”

Legeza kwanza nipeli ya kutolea upepo ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, presha imenasa juu yake: hozi ya raba iliyovimba ndani, au masta silinda (inayosukumwa na pedali ya breki). Tairi likibaki limeshikwa, basi pistoni au pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) zimekwama.

“Nimetia P, haliendi popote.”

Hapa ndipo difu ileile inapoua watu. P hufunga gia boksi, haifungi kila tairi. Gari linalovuta kwa nyuma likiinuliwa tairi moja la nyuma, lililobaki chini linaweza kubiringika huku la juu likizunguka kinyume, na gari likateleza kutoka kwenye jeki likiwa ndani ya P. Ukiondoa propela au shafti, P na gia hazishiki kitu. Land Rover Defender za zamani zina hendibreki kwenye propela ya nyuma, si kwenye magurudumu, kwa hiyo nayo huingia mtego huohuo. Na ukiinua nyuma ya gari la kawaida, umeinua magurudumu yenye hendibreki. Kinachobaki ni kabari: weka mbele na nyuma ya kila tairi lililo chini, kabla ya jeki kugusa gari.

“Jeki inatosha, ni kazi ya dakika mbili.”

Jeki ni ya kuinulia. Sili yake ikivuja, hushuka bila kukuuliza. Ingiza stendi mbili chini ya sehemu za chuma imara zilizowekwa kwa ajili hiyo, kamwe si chini ya sampu (beseni la oili la injini) wala sinia ya gia boksi. Tofali la bloku hupasuka ghafla bila kutoa dalili, usilitumie. Kwenye kifusi au lami iliyolainishwa na jua, tandika ubao mnene chini ya miguu ya stendi. Tairi ulilolivua lilaze chini ya kizingiti cha mlango. Kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujalala chini: likitaka kuanguka, lianguke sasa. Na injini ikiwaka gari likiwa gia, chini yake hakai mtu.

“Otomatiki ikigoma, ivute kwa kamba hadi gereji.”

Pampu ya oili huzungushwa na injini. Ikizimwa, gia boksi nyingi huzunguka bila kulainishwa. Inua magurudumu yanayovuta, au pakia gari zima.