Hati ya shamba la korosho: yanayosemwa vijijini na ukweli wake

“Ukipata hati ya kimila, benki inakupa mkopo.”
Hati ya kimila ni karatasi inayotolewa na kijiji kuthibitisha haki yako ya kimila juu ya shamba. Hilo la mkopo ndilo linalosemwa sana Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, na ndilo linalovunja watu moyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kuweka shamba rehani, lakini haimlazimishi mkopeshaji kulipokea. Yeye huangalia kwanza mapato yako, na kama shamba hilo likipigwa mnada litapata mnunuzi.

Faida kubwa ya hati ipo kwenye uamuzi wa nini upande. Mkorosho huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Anayelima shamba la kuazima kwa kawaida hukatazwa kupanda miti ya kudumu, kwani mti wako kwenye shamba la mwenzio ni kama dai. Hubaki na muhogo na ufuta, mazao ya msimu. Mwenye uhakika kwamba hatanyang'anywa ndiye anayetafuta miche bora, anayenunua salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kung'oa mikorosho iliyozeeka. Biashara ya kijijini hukua hapo, kabla benki haijaingia kabisa.

“Bila hati huna haki.”
Si kweli, na ni uongo wa hatari, kwa sababu matapeli huutumia kuwatisha wazee. Haki ya kimila ipo hata bila karatasi, na sheria hiyohiyo inaipa hadhi sawa na miliki inayotolewa na Serikali. Hati huongeza ushahidi: mipaka iliyohakikiwa mbele ya majirani na kuandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Ugomvi wa mpaka hula siku za palizi na za kuokota korosho.

“Hati ni ya baba.”
Hapana. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi. Mke na mume wanaweza kuandikishwa pamoja, na mimi nasema waandikishwe, mjane asije akafukuzwa kwenye mikorosho aliyoipalilia mwenyewe.

“Mwenyekiti akisaini, ardhi ya kijiji imeshatolewa.”
Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na kabla ya kudai hati yako, muulize mtendaji wa kijiji kama kijiji kimeshapata cheti cha ardhi ya kijiji, yaani cheti kinachotambua ardhi na mipaka ya kijiji chenyewe. Kama bado, lipelekeni suala hilo kwenye mkutano mkuu ujao.